Masika Nyumbani na Mtoto Mdogo: Mwongozo Kamili wa Bustani ya Mboga na Jiko Lake

Masika ya pwani huanza Machi na kwisha Mei, na Aprili na Mei ndiyo yenye mvua nzito zaidi. Mzazi mwenye mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu huiona miezi hii kuwa mizito: uani matope, nguo hazikauki, na mtoto anagonga mlango akitaka kutoka. Mimi naipenda. Mvua inakufanyia kazi ya kumwagilia, mchicha unachipua ndani ya siku chache, na mtoto ambaye hawezi kusubiri chochote kwa muda mrefu anapata kuona mbegu aliyoitupa mwenyewe ikifika kwenye sahani yake kabla hajaisahau.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya nyumba za Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar, Mombasa na kwingineko kwenye misimu miwili ya mvua. Walio Dodoma, Mbeya au Mtwara, ambako mvua ni ya msimu mmoja kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, wafuate hatua zilezile kwa kalenda yao. Shabaha yangu ni moja: bustani na jiko viwe sehemu ya malezi. Ukingoja mtoto alale ndipo ulime na upike, hutalima na utapika umechoka.

Kagua ua kabla ya kushika jembe

Fanya hivi kabla mvua kubwa hazijaanza, ikiwezekana mwishoni mwa Februari.

Tembea ua mzima umeinama kwa kimo cha mtoto. Tafuta kila kinachoweza kushika maji: vifuu vya nazi, makopo, matairi, sahani za chini ya vyungu vya maua, mfuniko wa ndoo uliogeuka. Mbu wa dengue huuma mchana, na huzaliana kwenye maji kidogo yaliyotuama karibu na watu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huweza kuchukua wiki moja tu au zaidi kidogo, kwa hiyo jipangie siku moja maalumu kila wiki ya kumwaga maji yote yaliyotuama. Ijumaa au Jumapili, chagua mwenyewe, ila usiiruke. Mbu wa malaria huja usiku, na kwa huyo dawa ni chandarua kila siku, hata usiku wa baridi ya mvua ambapo unadhani hakuna mbu.

Funika karo na shimo la maji taka kwa kitu kizito ambacho mtoto hawezi kukisogeza. Ndoo za maji ya mvua nazo zifunikwe au ziinuliwe. Mtoto wa umri huu ana kichwa kizito kuliko nguvu zake. Akitumbukia kichwa chini kwenye ndoo hawezi kujitoa, hata kama maji ni ya sentimita chache.

Halafu angalia mimea iliyopo tayari. Utomvu wa minyaa, ile inayopandwa kuwa ua wa boma, huunguza macho vibaya. Mbegu za mbarika na za mbono kaburi ni sumu, na bahati mbaya zinavutia mkono wa mtoto. Kama nyumba ni ya kupanga na huruhusiwi kung'oa, basi zungushia kizuizi na okota mbegu zinazoanguka. Pilipili mbuzi ipande mahali asipofika. Mtoto hushika kisha hujifikicha macho.

Chagua mboga nne, usizidishe

Wengi huanza na nyanya kwa sababu nyanya ndiyo inayonunuliwa kila siku. Wakati wa masika sikushauri. Majani yakikaa na maji usiku na mchana, ugonjwa wa bakajani huingia na kuua shamba ndani ya siku chache, na njia ya kuuzuia ni kupuliza dawa mara kwa mara. Nyumba ambayo mtoto huchuma jani na kulitia mdomoni haitaki dawa hizo uani. Nyanya nunua sokoni, uzioshe.

Panda mchicha, matembele, kunde na bamia. Zote zinavumilia mvua, zinakomaa haraka ukiacha bamia, na hazihitaji dawa ya dukani.

Mahali pa kupanda pawe na jua angalau nusu siku, na pasiwe njia ya maji. Hili la pili ni la lazima. Mvua kubwa ikija, mitaro hufurika, na maji hayo yamepita vyooni. Mboga iliyozamishwa na maji ya mtaro usimpe mtoto, hata ukiiosha mara ngapi. Ing'oe, upande upya.

Kutengeneza tuta

1. Lima udongo kwa kina cha jembe, utoe mawe, vioo na vipande vya nailoni. Vioo ni vingi kwenye viwanja vya mjini kuliko unavyodhani, kwa hiyo chekecha udongo wa juu kwa mkono uliovaa glovu au mfuko mzito.

2. Changanya samadi iliyoiva: ya ng'ombe au mbuzi iliyokaa miezi kadhaa, ikawa nyeusi na haina harufu kali. Ndoo moja kubwa kwa kila mita moja ya mraba inatosha kwa udongo wa kichanga wa pwani. Samadi mbichi ya kuku itaunguza miche, na samadi mbichi ya aina yoyote ina vijidudu vya kuharisha. Siku ya kuchanganya samadi ndiyo siku pekee ambayo mtoto abaki ndani.

3. Inua tuta kwa sentimita 20 hadi 30, ili maji yapite kando na mizizi isioze. Upana usizidi mita moja ili ufike katikati kwa mkono bila kukanyaga. Ukiweza, lifanye la sentimita 60, mtoto naye afike.

4. Acha njia kati ya tuta na tuta inayomtosha mtoto na ndoo yake. Tandaza maganda ya karanga au nyasi kavu kwenye njia, zitapunguza utelezi.

Asiye na ua atumie viroba. Chukua kiroba cha kilo 50, kijaze udongo uliochanganywa na samadi, na katikati simamisha nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu ili maji yashuke sawasawa. Toboa matundu ubavuni, upande matembele humo, na mchicha juu. Kiroba kimoja kibarazani hakilishi familia, ila kinampa mtoto mboga ya mara mbili tatu kwa wiki.

Kabla hujapanda lolote, mtengee mtoto sehemu yake: beseni lililopasuka au ndoo iliyokatwa nusu, imejaa udongo, na kijiko cha zamani. Humo achimbe apendavyo. Usipande humo kitu utakachokiokoa, maana atakifukua. Anayechimba kwake hapati muda wa kufukua kwako.

Kupanda pamoja

Mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na vijiko vitano vya mchanga mkavu. Chora mistari isiyozidi kina cha nusu sentimita, umbali wa sentimita 20 kati ya mstari na mstari. Mwaga mchanganyiko huo, funika kidogo, kisha tandaza nyasi kavu nyembamba ili mvua isizoe mbegu. Siku ya tatu hadi ya tano itachipua. Siku hiyohiyo ondoa nyasi, vinginevyo miche itarefuka na kulala. Mtoto wa miaka miwili anaweza kumwaga ule mchanga. Hatafuata mstari, na mchicha hauna habari na mstari.

Matembele hayapandwi kwa mbegu, na si kitu cha kununua. Muombe jirani marando, naye hatakunyima. Kata vipande vya sentimita 25 hadi 30, ondoa majani ya chini, fukia macho mawili au matatu (vile vifundo yanapotokea majani) ardhini. Baada ya wiki nne hadi sita unaanza kuchuma, na ukichuma ncha mara kwa mara yanazidi kutoa.

Kunde ndiyo mbegu ya mtoto. Ni kubwa, inashikika, na ikichipua inainua udongo kwa namna anayoiona. Punje mbili kila shimo, kina cha sentimita tatu. Lakini punje hizo huingia puani na kooni kwa urahisi, kwa hiyo mpe mojamoja kutoka kiganjani mwako, usimwachie kikombe. Majani machanga unaanza kuchuma wiki ya tatu au ya nne.

Bamia loweka usiku mmoja, panda kina cha sentimita mbili, acha sentimita 40 kati ya mche na mche. Hii inachelewa, itatoa maua karibu wiki ya saba. Ikianza kutoa, chuma kila baada ya siku mbili ikiwa na urefu wa kidole, kabla haijawa ngumu. Vinyweleo vyake huwasha ngozi laini, hivyo mtoto avae mikono mirefu au akae na kapu.

Wadudu

Kwa vidukari na viwavi, chukua majani ya mwarobaini, twanga, loweka kwenye maji usiku kucha, chuja, ongeza sabuni kidogo, nyunyizia jioni isiyo na mvua. Usichume mboga hiyo kwa siku chache, na ukichuma osha vizuri. Majivu makavu kuzunguka shina husaidia, ila mvua moja huyaondoa, basi rudia.

Konokono wakubwa hutokea usiku wa mvua. Waokote kwa kijiti alfajiri, mtoto asiwashike, maana hubeba vimelea. Jongoo nao hujaa ukutani msimu huu, na sijaona mtoto asiyewapenda. Mwache amtazame kwa macho. Akishikwa, jongoo hutoa majimaji yanayochafua ngozi na kuwasha sana machoni. Yakiingia, suuza kwa maji mengi safi na umpeleke kituo cha afya kama jicho linabaki jekundu.

Kila mkitoka bustanini: viatu vivuliwe mlangoni, mikono ioshwe kwa sabuni hadi kwenye kucha. Mtoto atembee na ndala au raba uani, si peku, kwa sababu minyoo mingine hupenya kwenye nyayo. Kuanzia umri wa mwaka mmoja dawa za minyoo hutolewa kliniki kila miezi sita, pamoja na matone ya vitamini A. Angalia kadi yake kama zamu imepita.

Siku ya mvua inakwendaje

Usipange siku kwa saa, ipange kwa mvua. Mvua ikikatika asubuhi, toka papo hapo na mtoto, hata vyombo vya chai havijaoshwa. Nusu saa nje itakupa masaa mawili ya utulivu ndani. Chumeni mboga ya mchana kwanza, kisha palilia, na michezo mwisho, kwani akishalowa kazi imekwisha.

Mvua ikinyesha, hamia kibarazani na mkeka, beseni na mchicha. Kuchambua mboga ni kazi ambayo vidole vya mtoto wa mwaka na nusu vinaiweza: kung'oa jani kwenye shina, kutia jani huku na shina kule. Atakula machache mabichi. Kama yameoshwa, mwache.

Jikoni

Msimu huu watu huingiza jiko la mkaa ndani. Ukilazimika, fungua dirisha na mlango, na usilifunge ndani ya chumba cha kulala kwa ajili ya joto, hata kama linaonekana limezimika. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoua waliolala. Mpaka wa mtoto uwe mstari halisi: mkeka wake usikaribie jiko kwa hatua tatu za mtu mzima. Mipini ya sufuria igeukie ukutani. Mbuzi ya kukunia nazi ikunjwe na kuwekwa juu mara tu umalizapo, maana ule ulimi wake uko sawasawa na uso wa mtoto. Akiungua, pitisha maji safi ya kawaida yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta.

Mchicha wa nazi na karanga

Hiki ndicho chakula nitakachokaa nacho zaidi, kwa sababu ukikiweza hiki, wiki nzima ya masika imepata mboga.

Tayarisha mafungu mawili ya mchicha, kitunguu kimoja, nyanya mbili, karoti moja, nazi moja, vijiko vitatu vya chakula vya karanga zilizokaangwa na kusagwa, mafuta kijiko kimoja, na nusu ya limau.

Anza na karanga kuzichagua. Unyevu wa masika huzalisha ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Tupa punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu. Nunua karanga kidogokidogo, uhifadhi pakavu. Kama mtoto hajawahi kula karanga, mpe kwanza ncha ya kijiko siku ambayo ana afya njema, umwangalie.

1. Osha mchicha kwa maji matatu, uinue majani kutoka kwenye maji badala ya kumwaga maji juu yake, ili mchanga ubaki chini. Katakata baada ya kuosha.

2. Kuna nazi, kamua tui zito kikombe kimoja, weka kando. Ongeza maji, kamua tui jepesi kikombe kingine.

3. Kaanga kitunguu hadi kilainike, tia karoti iliyokunwa, kisha nyanya, funika mpaka zipondeke.

4. Koroga karanga ndani ya tui jepesi, mimina, acha ichemke dakika tano huku ukikoroga, maana karanga hushika chini.

5. Tia mchicha. Dakika tano hadi saba zinatosha. Wanaouchemsha na kumwaga maji yake wanamwaga na vitamini.

6. Malizia na tui zito, moto mdogo, koroga polepole lisikatike. Likitokota mara moja, epua.

7. Sasa pakua ya mtoto. Ndipo utie chumvi na pilipili ya wakubwa. Kwenye bakuli lake kamulia matone ya limau: madini ya chuma ya kwenye majani huingia mwilini vizuri zaidi yakikutana na vitamini C. Kwa sababu hiyohiyo usimpe chai ya rangi pamoja na mlo. Chai inazuia chuma kufyonzwa.

Mtoto wa mwaka mmoja, mpondee au kata laini sana. Wa miaka miwili ale kama ilivyo, na ugali laini au wali. Watoto wa mwaka mmoja hadi miwili wanahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, kila mlo karibu robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, na kitu kidogo katikati, pamoja na kuendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Karanga nzimanzima usimpe kabla ya miaka mitano.

Bamia kwa dagaa

Dagaa ondoa vichwa, osha kwa maji ya moto, kausha kwenye kikaango kikavu, saga ziwe unga. Bamia kata vipande vidogo, chemsha na nyanya na kitunguu kwa maji kidogo mpaka ziwe laini, tia kijiko kimoja cha unga wa dagaa. Utelezi wa bamia unasaidia ugali kushuka kwa mtoto ambaye meno hayajakamilika. Unga wa dagaa huo huo nyunyizia kwenye uji usio na sukari, au kwenye viazi vitamu vilivyopondwa.

Matembele na majani ya kunde yanapikwa kwa namna ileile ya mchicha, ila kunde zinataka dakika za ziada. Kisamvu, kama unacho, kitwangwe na kichemshwe muda mrefu bila kufunikwa. Mbichi au nusu mbichi kina sumu.

Akikataa, usimlazimishe wala usimkimbize na kijiko. Ondoa sahani, siku mbili zijazo mpe tena kidogo pembeni ya anachokipenda. Wengi hukubali baada ya kukutana na chakula mara nyingi, na huwa wepesi zaidi kwa jani walilolichambua wenyewe.

Mboga ya nazi haingoji. Kwa joto na unyevu wa msimu huu, iliyopikwa mchana bila friji usimpe mtoto jioni, pika kidogo. Maji ya kunywa chemsha. Akiharisha, anza maji ya ORS mara moja, ukichanganya kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, endelea kumlisha na kumnyonyesha, na umpeleke kituoni akapimwe na apewe zinki. Homa, damu kwenye choo, kulegea au kushindwa kunywa havisubiri kesho.

Mwishoni mwa Mei

Mvua zikipungua, acha mashina mawili ya mchicha yenye afya yasikatwe. Yatatoa masuke, yakikauka, yapukutishe juu ya karatasi, pepeta, anika mbegu kivulini siku mbili. Kunde nazo acha maganda machache yakaukie shambani. Mwagilia matembele kwa maji yaliyooshea mboga, yatakuvusha kiangazi. Bamia zitaendelea kutoa kama hukuacha zikomae mtini. Mbegu zilizokauka zitie kwenye chupa kavu na majivu kidogo, andika mwezi na mwaka kwenye karatasi, uziweke juu ya kabati mpaka vuli ya Oktoba.